Shayiri

Miaka thelathini na mmoja
Mwalimu Thurea Famau alitufundisha wafu wa mbali
katika darasa lenye dirisha moja, Mkomani, hapa Amu,
kwa chaki aliyoivunja vipande vitatu ili ifike Ijumaa.

Mto Nili aliuanzia chini, kona ya ubao,
akaupandisha. Tukacheka:
mto gani huo unaokwea?
"Mto haujui kwamba mmeutundika ukutani," akasema,
akaendelea kuchora.

Barabara za Warumi zilipitisha magari mawili sambamba.
Za kwetu hupitisha punda wawili,
mmoja wao akiwa na adabu.

Kupi, mwana wa fundi wa milango, akauliza toka nyuma:
"Mwalimu, weye ulikuwako?"
Hakukasirika. Alifuta miwani kwa ncha ya buibui.
"Sikuwako. Nalikuwa ndiani."

Mimi nilikaa mbele kwa ubovu wa macho,
mtoto wa duka la Langoni,
ninuka mafuta ya taa na bizari.
Wenzangu walikuwa na nasaba za kuhesabu hadi Hadhramauti.
Mimi nilikuwa na baba na daftari lake la mikopo,
jalada limeota ukoko wa samli.

Siku ile alisimulia vibao vya udongo
vilivyofukuliwa kati ya mito miwili.
Tulingoja wafalme. Tulingoja laana, na mapenzi ikiwezekana.
Akaandika neno moja: SHAYIRI.
Tukadhani amekosea.

"Sikukosea. Huko, mtu alipoanza kuandika
hakuandika shairi, aliandika shayiri:
vipimo vingapi, kapewa nani, atarudisha lini.
Mfalme kabomoka, na kasri lake.
Risiti iko."
Kisha akanitazama. Au aliitazama saa, iliyokuwa nyuma yangu.
Sikuuliza kamwe.

Kitabu chake alikiandika usiku, miaka tisa,
kwa Kiswahili, maana Wayunani, alisema,
hawakwenda kuazima ulimi wa jirani.
Mwezi mzima aligeuza neno moja kinywani:
lile jumba la wazee wa Roma, aliiteje?
Baraza? Lakini baraza kwetu ni sakafu ya chokaa mlangoni,
kahawa, na habari za watu.
Akaliacha baraza.
"Na wale walikuwa wakisengenyana vivyo hivyo."

Nakala mia tano. Mia mbili zililiwa na mchwa
katika stoo ya Mombasa, kuanzia sura ya Kartago.
"Hata Warumi hawakuimaliza namna hii,"
akacheka, akakohoa, akatafuta kiti.

Alikufa mwezi wa Rajabu.
Kabla ya jeneza kuinuliwa, mwanawe akasimama
akauliza kama ada: nani anamdai marehemu?
Watu kimya. Nami kimya, sikuwa na habari.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikihamisha rafu za marehemu baba.
Daftari lilikuwa nyuma ya mizani mbovu.

*Mw. Thurea. Mafuta ya taa, chupa mbili.
Karatasi, nusu rimu. Wino mweusi.
Bado.*

Na chini yake, mwezi kwa mwezi, miaka tisa,
mafuta, karatasi, karatasi, mafuta,
mwandiko wa baba ukizidi kutetemeka,
bado, bado, bado,
na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha alimdai.
Mtu asiyesoma zaidi ya majina ya wadeni wake
aliwasha taa ya Babeli yote ile
na hakumwambia mtu. Hata mimi.

Nimekwenda kwa mwanawe, na mashahidi wawili,
nikasema tumesamehe, duniani na akhera.
Akalia kidogo. Akataka ukurasa auchane, roho itulie.

Nikamwambia deni limekufa.
Ukurasa sikumpa.